Neno la Kiangazi Wakati wa Masika

Mtu akitoa neno lake wakati wa kiangazi, ghala likiwa limejaa na jembe limetundikwa ukutani, je, neno hilo lamfunga wakati wa masika, ghala likiwa limepungua na jembe li mkononi toka alfajiri? Tena, kama neno hilo liliandikwa katika daftari, je, maandiko yanaongeza kitu, ama ni wino tu juu ya karatasi?

Wazee huliuliza swali hili barazani wanapokata maneno ya watu. Wakatekumeni nao huliuliza kwa njia nyingine, wanaposema: «Mwezi wa Agosti tulisoma kila jioni, sasa ni Januari, nani ana nafasi ya kitabu?» Maswali hayo mawili yana mzizi mmoja. Yafaa yachunguzwe polepole, kwa sababu magomvi mengi ya vijijini, na machozi mengi ya nyumbani, yametoka hapo.

I. Mtu wa Julai na mtu wa Januari

Nchi ya Kongo inakatwa na ikweta, kwa hiyo majira yake si yale yale kila mahali. Upande wa kusini, toka Lubumbashi hata Moba, mvua huanza mwezi wa Oktoba ama Novemba, hukoma Aprili ama mwanzo wa Mei. Miezi inayobaki ni kiangazi, ambacho wengi wa Katanga hukiita kipwa. Upande wa kaskazini, katika nchi ya Uele, Desemba na Januari ndiyo miezi mikavu, wakati ule ule ambapo watu wa kusini wanalowa mashambani. Ndiyo maana mto Kongo haukauki: upande mmoja ukikosa mvua, upande wa pili huulisha.

Mwanadamu hana bahati hiyo ya mto. Hukaa chini ya mawingu ya mahali pamoja, na moyo wake huelekea kuyafuata. Wakati wa kiangazi mahindi yamekwisha kuvunwa, karanga zimeanikwa, njia ni kavu. Watu hufyatua matofali, hujenga, hutembeleana, huozesha watoto wao. Jioni ni ndefu na hakuna haraka. Wakati huo ulimi ni mwepesi: «Chukua, ndugu yangu, utanirudishia utakapoweza.» «Usiwe na shaka, mama, nitakuletea.» «Ndiyo, mwalimu, tutakuja kila siku.»

Halafu mvua inafika. Mtu yule yule huamka kabla ya jua, hupanda, hupalilia, hulinda shamba kwa sababu ya nyani na nguruwe wa mwitu. Paa linavuja, mtoto ana homa, njia imekuwa matope. Mahindi mapya bado ni machanga, ya zamani yanakwisha. Sasa ulimi umekuwa mzito, na jicho limejifunza kuhesabu. Aliyekopesha kikapu kizima mwezi wa Julai hupima kwa kikombe mwezi wa Januari.

Jina ni lile lile, uso ni ule ule, lakini yeye mwenyewe hujiona kama mtu mwingine. Ndipo hujiambia: «Maneno yale niliyasema wakati wa shibe. Wakati wa shibe umekwisha, na maneno yamekwisha nao.»

Hoja hiyo yafanana na akili, lakini tazama inakofikisha. Kama mtu wa Julai hawezi kumfunga mtu wa Januari, basi hakuna ndoa, kwa maana kila ndoa hufungwa siku ya karamu, nayo hujaribiwa siku ya ugonjwa. Hakuna deni, hakuna urafiki, hakuna ahadi ya ubatizo. Baba hataweza kumpa mtu yeyote binti yake, kwa kuwa mkwe atakuwa mkwe wa kiangazi tu. Watu wangekaa pamoja kama ndege juu ya mti: wanakaa maadamu matunda yapo.

Jibu, basi, ni hili: neno la kweli hutolewa kwa ajili ya majira mengine, si kwa yale linamotolewa. Anayeahidi siku ya shibe huahidi kwa ajili ya siku ya njaa. Asingekuwa na haja ya kuahidi, kama njaa isingekuwako.

II. Mbegu juu ya moto

Mambo haya hayakuletwa na shule. Kila mkulima ayajua kwa sababu ya mbegu zake. Wakati wa mavuno, mama wa nyumba huchagua magunzi mazuri ya mahindi, huyafunga pamoja kwa maganda yake, huyatundika juu ya moto wa jikoni. Moshi huyafanya meusi, na wadudu hawayaguse. Yatakaa hapo miezi mingi, watoto wakiyaona kila siku.

Mwezi wa Septemba ama Oktoba, ghala linapopungua, magunzi yale yale yanaanza kumwita mwenye njaa. Yako karibu, ni makavu, ni mazuri. Lakini mama akiyatoa na kuyapika, nyumba itashiba siku mbili na kulia mwaka mzima. Kwa hiyo nyumba hula mihogo na sombe, huomba kwa jirani, huvumilia; magunzi yanabaki juu. Hakuna anayemwita mama huyo mkali. Wote wajua kwamba anawalinda na njaa ya mwaka ujao.

Basi nyumba nyingi ambamo mtu ajua kusoma huweka pia daftari ama kitabu juu, katika kikapu kilicho karibu na moto huo, kwa sababu mchwa hula karatasi iliyo chini, na unyevu wa masika huiozesha. Mbegu na kitabu hukaa mahali pamoja, tena kwa sababu moja: ni vitu vilivyowekwa na mtu wa kiangazi kwa ajili ya siku asiyoiona bado. Anayerarua ukurasa uliobeba deni lake afanya kama yule anayepika mbegu. Ameshiba leo, lakini hakuna mtu atakayempandia tena neno.

III. Kazi ya maandiko

Hapo mtu atauliza: ikiwa neno lenyewe lafunga, karatasi ni ya nini? Wazee walishika ahadi bila kalamu. Walikuwa na mashahidi, walikuwa na vijiti vya kuhesabia, walikuwa na aibu mbele ya watu. Ni kweli, tena wengi wa wazee hao waliyashika maneno yao kuliko wasomi wa leo. Maandiko hayampi mtu moyo mwema. Mwongo ajuaye kuandika ni mwongo mwenye kalamu.

Lakini maandiko yana kazi moja ambayo kichwa cha mwanadamu hakiiwezi vizuri: hayabadiliki pamoja na mawingu. Kumbukumbu ya mtu ni rafiki wa tumbo lake. Aliyepokea vikapu vitatu hukumbuka viwili. Aliyetoa vikapu viwili hukumbuka vitatu. Wala si lazima mmoja wao awe mwongo. Kila mmoja amekumbuka kadiri ya haja yake. Karatasi haina haja yoyote.

Ziwa Tanganyika laweza kufundisha jambo hili. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika penye mto Lukuga, karibu na mahali ulipo leo mji wa Kalemie, akaandika kwamba mlango wa mto umezibwa na majani. Mwaka 1876 Stanley naye alifika, akaandika habari zake. Mwaka 1879 Hore alifika, akaona maji ya ziwa yakitoka kwa nguvu kwenda magharibi: ziwa lilikuwa limepanda hata likauvunja mlango uliozibwa. Miaka iliyofuata maji yakashuka, pwani ikapanuka, watu wakajenga. Kisha zikaja mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961, ziwa likapanda tena hata mwaka 1964. Likashuka, watu wakajenga. Mwaka 2024 maji yakaingia majumbani Uvira na Kalemie.

Watu waliojenga karibu na maji hawakuwa wapumbavu. Wengine hawakuwa na kiwanja kingine. Lakini wengine walijenga kwa sababu miaka mikavu ilikuwa imewafundisha kwamba ziwa limekwisha kurudi nyuma, nalo halitakuja tena. Watoto walijenga mahali ambapo babu yao alikimbia, kwa kuwa babu alisema habari hiyo jioni moja tu, nao walikuwa wakisinzia. Ahadi pia ni hivyo. Miezi mikavu humfundisha mtu kwamba siku mbaya haziji. Miezi ya mvua humfundisha kwamba siku njema hazikuwako. Neno lililoandikwa humshuhudia akiwa katika miezi hii na akiwa katika ile, nalo humwambia kila mara: wewe ni mmoja.

IV. Siku tatu za jembe

Tufani ya maneno haiondoki bila mfano. Mkulima awekwe mbele ya macho. Wakati wa mavuno aliugua, na jirani yake alimvunia mahindi yote, asipewe kitu. Mwezi wa Agosti, mkulima amekwisha kupona, anafurahi, anatoa daftari, anaandika mbele ya jirani: «Mvua ya kwanza ikinyesha, nitamlimia jirani siku tatu.» Wote wawili wanatia alama.

Mvua ya kwanza inanyesha mwanzo wa Novemba. Kila mkulima ajua thamani ya siku hizo: anayepanda mapema huvuna vizuri, anayechelewa hubaki nyuma ya magugu. Mkulima anatazama shamba lake, anatazama daftari. Sasa atafanya nini?

Njia ya kwanza ni kuuficha ukurasa. Jambo hili halihitaji maneno mengi. Ni wizi, ingawa hakuna mlango uliovunjwa.

Njia ya pili ni kusema: «Mambo yamebadilika.» Hapo yafaa kutofautisha. Kuna badiliko lililojulikana toka mwanzo, na kuna badiliko ambalo hakuna aliyelijua. Mvua kuja, kazi kuwa nyingi, mwili kuchoka: hayo yote yalijulikana mwezi wa Agosti. Tena ahadi yenyewe ilitaja mvua ya kwanza, kwa sababu ndiyo siku jirani atakapohitaji msaada. Siku tatu za jembe mwezi wa Julai si zawadi. Hakuna cha kulima. Thamani ya ahadi ilikuwa katika ugumu wake. Badiliko la namna hii halimfungui mtu hata kidogo.

Lakini kama mto umefurika na kuchukua shamba la mkulima, ama mkewe amelazwa hospitalini, ama yeye mwenyewe ameanguka tena kwa homa, hilo ni badiliko jingine. Hakuna anayefungwa kufanya lisilowezekana. Hata hivyo halimpi ruhusa ya kunyamaza. Yampasa kwenda, ama kumtuma mtoto, kabla ya siku yenyewe, aseme: «Neno langu ninalikumbuka. Siwezi kwa sababu hii. Tufanye namna gani?» Anayeeleza kabla ya siku bado ameshika nusu ya ahadi, anayeeleza baada ya siku huleta udhuru tu.

Siku hizi kuna ugumu mwingine. Wakulima wa nchi nyingi za Kongo husema kwamba mvua haina miadi tena: mara yachelewa, mara yanyesha wiki moja na kukatika, hata mbegu zikakauka udongoni. Mtu mwenye busara hataacha kuahidi kwa sababu hiyo, bali ataahidi kwa kipimo kidogo zaidi. Kama aona kwamba ataweza siku tatu, aandike mbili. Ya tatu ataileta kama zawadi. Tena aandike katika daftari lake, kila mwaka, tarehe ya mvua ya kwanza na tarehe ya mvua ya mwisho. Baada ya miaka kumi atakuwa na elimu ambayo hakuna kitabu kilichochapishwa mbali kinachoweza kumpa, kwa maana itakuwa elimu ya shamba lake mwenyewe.

Na jirani je? Yeye pia ana wajibu. Karatasi iliyo mkononi mwake si fimbo. Akiona kwamba mwenzake amepatwa na msiba wa kweli, naye akadai siku zake tatu kwa kuwa «imeandikwa», ameitimiza haki ya karatasi na kuvunja haki ya undugu. Maandiko huhifadhi neno ili watu wawili waweze kulitazama pamoja. Mmoja akilitazama peke yake, macho yakiwa makali, maandiko yamegeuka kuwa mtego.

V. Karatasi isiyosomwa

Nchi ya Kongo yajua mtego huo. Kati ya mwaka 1879 na 1885, Stanley na wajumbe wengine waliotumwa kwa ajili ya Léopold II, mfalme wa Ubelgiji, walizunguka nchi wakiwa na karatasi. Mamia ya wakuu wa vijiji waliweka alama ya msalaba chini ya maneno wasiyoweza kuyasoma. Walipewa nguo na vitu vingine, wakadhani wamefanya urafiki, ama wamempa mgeni mahali pa kukaa. Ulaya, karatasi zile zile zilihesabiwa kuwa ushahidi kwamba wakuu wametoa nchi yao na mamlaka yao.

Je, neno lile liliwafunga wakuu mbele ya Mungu na dhamiri? La. Ahadi yataka vitu viwili: mtu aelewe anachoahidi, na awe huru kukubali ama kukataa. Msalaba uliowekwa na mkono ambao macho yake hayasomi si neno la mtu huyo; ni neno la yule aliyeandika. Lakini dhuluma hiyo yaonyesha kwa nini kujifunza kusoma si pambo la vijana wanaotaka kwenda mjini. Ni ulinzi wa shamba, wa nyumba na wa watoto.

Na anayejua kusoma amebeba mzigo kwa ajili ya wasiojua. Mama mzee hupokea barua ama ujumbe wa simu kutoka kwa mwanawe aliye Likasi ama Kolwezi. Humwita mkatekumeni, humwambia: «Mwanangu, nisomee.» Saa hiyo macho ya kijana ni macho ya mama. Asiongeze neno ili kumfurahisha. Asipunguze neno ili kumwepusha na uchungu, kwa kuwa uchungu ule ni wake mama, naye ana haki nao. Akisoma kwamba fedha zimetumwa, ataje kiasi chote. Akisoma siri, iishie masikioni mwa mama, isifike kisimani. Na mama akisema jibu liandikwe, aandike maneno ya mama, kisha amsomee yote tena toka mwanzo, polepole, kabla hajaweka alama yake. Kijana anayefanya hivyo amejibu kosa la wale waliobeba karatasi zamani, bila kutoa hotuba.

VI. Wawili walioandika

Augustino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, mji wa Afrika ya kaskazini, katika nchi iitwayo leo Aljeria. Mama yake Monika alimwandikisha kuwa mkatekumeni tangu utoto, lakini alichelewa miaka mingi. Alibatizwa Milano mwaka 387, akiwa na miaka 32. Kisha akawa askofu wa Hippo, akaandika vitabu vingi sana. Karibu na mwaka 400 aliandika hata kitabu kidogo juu ya kuwafundisha wanaoanza, kwa sababu shemasi mmoja wa Karthago alikuwa amelalamika kwamba mafundisho yake yanamchosha yeye mwenyewe.

Lakini jambo linalofaa hapa ni la uzee wake. Katika mwaka 426 na 427, akiwa amepita miaka sabini, alichukua vitabu alivyoviandika toka ujana, akavisoma tena kwa utaratibu, maandiko 93. Aliposahihisha hakufuta kwa siri. Aliandika kitabu kingine, akaonyesha waziwazi: hapa ilisemwa vizuri, hapa yataka kubadilishwa, hapa neno halikufaa. Mzee wa masika alimsoma kijana wa kiangazi, akamhukumu kwa haki bila kumkana. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kuandika: mtu huweza kukutana na nafsi yake ya zamani, akalishika lililo jema na kulitengeneza lililopotoka.

Karibu zaidi na wasomaji wa gazeti hili yuko Padri Stefano Kaoze, mwana wa nchi iliyo magharibi ya ziwa Tanganyika. Alipadirishwa mwaka 1917, Mkongomani wa kwanza wa nyakati hizi kupata upadri, akafa mwaka 1951. Kabla ya upadri, alipokuwa angali mwanafunzi wa seminari, aliandika kwa Kifaransa juu ya fikira na desturi za watu wake, na maandiko hayo yalichapishwa mwaka 1910 na 1911. Wageni wengi wa siku zile walikuwa wakiandika juu ya watu weusi pasipo kuwauliza. Kaoze alitoka penye moto wa wazee, akayaweka katika wino mambo yaliyokuwa katika midomo yao. Majira ya nchi yalikuwa yakibadilika upesi, naye aliweka mbegu juu ya moto.

VII. Je, kitabu kina likizo?

Sasa swali la wakatekumeni laweza kujibiwa. Wakati wa masika jembe lina haki yake. Mtu anayekaa kivulini na kitabu huku watoto wake wakikosa chakula hasomi, anakimbia kazi. Hakuna anayedai kwamba kurasa za Januari ziwe nyingi kama za Agosti. Mvua hupunguza kipimo cha kusoma.

Hupunguza kipimo, lakini haiondoi wajibu. Herufi zilizojifunzwa kwa shida husahauliwa kwa wepesi, hasa kwa mtu mzima. Anayekifunga kitabu mwezi wa Novemba na kukifungua mwezi wa Mei hukuta kwamba njia imeota majani, sharti aanze kufyeka upya. Kila mwaka atafyeka, kila mwaka atachoka, mwisho ataiacha. Afadhali mstari mmoja kila jioni kabla moto haujazimika, na mstari ule urudiwe kesho kwa mdomo, jembe likipanda na kushuka. Mstari mmoja hautashibisha akili. Utazuia njia isifungwe. Mke na mume waweza kuupokezana, mmoja akisoma leo, mwingine kesho, kama mto unaolishwa toka pande mbili.

Na kuna sababu nyingine. Zamani Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la Mapadri Weupe, aliagiza kwamba katika misioni za Afrika ya Kati mtu akae miaka minne katika matengenezo kabla ya ubatizo. Wengi waliona kwamba ni mingi mno. Ikiwa maana ya mafundisho ni kujua majibu ya katekisimu kwa kichwa, kiangazi kimoja chatosha kwa mwenye akili. Lakini miaka minne ni masika manne. Ni mara nne kuona ghala linapungua, mara nne kuona mwalimu anangoja na njia ina matope, mara nne kujaribiwa kusema: «Neno langu lilikuwa la wakati ule.» Anayefika mwisho wa njia hiyo hajui maneno zaidi tu, ajua kama yeye ni mtu wa neno.

Ikumbukwe pia kwamba anayeshindwa masika moja hajashindwa yote. Mkulima aliyekosa kupanda kwa wakati hatupi jembe mtoni. Hupanda maharagwe, hupanda viazi, hungoja mvua nyingine. Aliyevunja neno lake na alirudie, alisome tena jinsi lilivyoandikwa, aende kwa yule aliyemkosea, aanze na siku moja ya jembe kama hana tatu.

Maswali ya kujiuliza

1. Kuna mtu gani kijijini aliyepewa neno wakati wa kiangazi, naye bado anangoja?

2. Sababu inayotolewa leo ya kutotimiza neno hilo, je, ilijulikana siku neno lilipotolewa, ama ilikuja bila kujulikana? Kama haikujulikana, je, yule mtu amekwisha kuambiwa?

3. Anayedai deni, je, amekwenda kuitazama nyumba ya mwenye deni kabla ya kuonyesha karatasi?

4. Barua iliyosomwa kwa ajili ya mwingine, je, ilisomwa yote?

5. Daftari liko wapi usiku huu wa mvua: juu, pamoja na mbegu, ama chini, pamoja na mchwa?